Timu ni ya Nani?

Ndugu wapenda mpira, wa kambi na wa mji,

Tumesikia maneno mengi juu ya tajiri anayetaka kununua timu yetu. Wengine wanasema: tumpe, viatu vimekwisha, na nauli ya kwenda kucheza Likasi hatuna. Ni kweli, hatuna.

Lakini tutazame Lubumbashi. Mazembe ilianzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka 1939, kisha ikaitwa Englebert, jina la kampani ya Ubelgiji ya matairi. Kwa jina hilo ilichukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Kwa hiyo hatusemi feza ya kampani haifai. Inafaa sana! Tunauliza tu: siku tajiri atakapochoka, nani atabaki na kiwanja? Sisi wa mgodi tunajua mlango wa kampani unavyofungwa.

Basi alete msaada, tutaandika jina lake juu ya mashati ya wachezaji. Muhuri na karatasi za kiwanja vikae kwa wanachama. Na kila mwanachama alipe franga elfu moja kwa mwezi, hata wale wanaopiga kelele kuliko wote na kadi hawana. Kitabu cha kasha kitafunguliwa Jumapili, baada ya mchezo, mbele ya wote.