Tangazo Kabla ya Ufagio: Utunzaji wa Mtaa wetu wa Majengo, Pumwani



Barua ya mwaliko wa kikao hiki ilinipa mada ndefu kama treni: ushirikiano wa serikali ya kaunti na wakaazi katika utunzaji wa mazingira ya makaazi. Nitaifupisha mpaka iingie kwenye ujia wetu. Nitazungumza juu ya mtaro mmoja na karatasi moja. Mtaro mnaujua, kila siku mnauruka. Karatasi hamjawahi kuiona, na hapo ndipo penye maneno yangu yote.

Mwaka mmoja, masika yakikaribia, tulichangishana ili tuuzibue mtaro ule. Kila chumba kilitoa shilingi 100, na mwenye duka la pembeni, mtu mgumu kufungua mkono, akaongeza 500. Vijana wakaingia na sururu, sepetu na wilbaro ya kukodi. Walitoa nepi, mifupa ya supu, chupa za plastiki, viatu vya mtumba visivyokuwa na wenzake, na tope jeusi ambalo sitalieleza kabla ya chakula cha mchana. Siku mbili nzima maji ya sabuni yalipita bila kusimama. Mama wa mahamri alisogeza meza yake karibu na ukingo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Siku ya nne likaja tingatinga. Likakata njia kupitisha bomba, na udongo wake wote ukarudi ndani ya mtaro. Tulimwendea nyapara wa kazi. Akatujibu kwa utulivu kwamba tangazo lilishatolewa. Lilitolewa wapi? Akasema liko kwenye faili.

Sikuja kumlaumu nyapara. Alitumwa bomba, akalaza bomba. Lakini tangu siku ile naamini kwamba kifaa cha kwanza cha usafi wa mtaa ni taarifa, ufagio unafuata. Ukifagia bila kujua nani anakuja kuchimba kesho, umemfanyia tingatinga kazi ya bure.

Tuanze na chanzo, maana ugonjwa huu wa kutojua nani anahusika tumeurithi. Nairobi ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1919. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa mji wakapima viwanja hapa Pumwani ili wawakusanye Waafrika waliokuwa wametapakaa kwenye vijiji kama Maskini, Kaburini, Mombasa na Pangani. Pangani ilibaki imesimama mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo ikabomolewa na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Wazee husimulia kwamba jina hilo lenyewe lina uchungu wa kuhamishwa: ukitaka nenda, usipotaka ni shauri la moyo wako.

Masharti ya Pumwani yalikuwa haya. Manispaa inatoa kiwanja, njia, maji na vyoo vya pamoja. Nyumba ujijengee mwenyewe. Watu wakajenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa, vyumba vikitazamana huku na huku kwa ramani ya Kiswahili. Kuta zako, ardhi si yako. Sasa fikirieni: ukuta una mwenyewe, barabara ina mwenyewe, lakini ile nafasi iliyo kati ya kizingiti chako na barabara, yaani ujia, mtaro, bomba la pamoja na jalala, ni ya nani? Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tunaulizana.

Zamani swali hilo lilijibiwa na macho ya mtu. Sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Majengo walikuwa wanawake waliojenga kwa akiba zao wenyewe. Watafiti kama Janet Bujra na Luise White wameandika juu yao kwa kirefu. Mwanamke yule aliishi chumba cha mbele, nyumba moja na wapangaji wake. Mpangaji akimwaga maji ya dagaa penye njia, harufu inampata mwenye nyumba kabla haijampata mwingine. Hakuhitaji kamati. Alitoka na kanga yake, akasema mara moja, na pakafagiwa. Siku hizi nyumba nyingi zina warithi saba, wawili wako Mombasa, mmoja yuko ng'ambo, na anayekuja mwisho wa mwezi ni wakala. Wakala anakagua simu yake kama kodi imeingia. Mtaro haumhusu.

Sheria nayo ina neno moja dogo linalotusumbua. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni, inasema uchafu unaodhuru ukipatikana, notisi apewe aliyeusababisha. Asipojulikana, apewe mkaaji au mwenye nyumba. Hiyo "au" ndiyo inayotugombanisha. Mpangaji anaielekeza kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba anairudisha kwa mpangaji, na afisa wa afya, ambaye ana mitaa mingine ya kupitia siku hiyo, anaibandika mlangoni na kuondoka.

Upande wa kaunti hauna "au". Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, barabara za kaunti, taa za barabarani, mifereji ya maji ya mvua penye makaazi, na huduma za maji na majitaka. Kwa hiyo mtaro mkubwa ule ni wa kaunti, hata kama shilingi 100 zetu ndizo zilizouzibua. Nasema hivi ili tusichanganye hisani na wajibu. Sisi kufagia ni ujirani mwema. Kaunti kuzoa ni kazi ya kuajiriwa. Na jirani mwema anayezoa tope na kulirundika kando ya njia, bila kujua lori litapita lini, atalikuta limerudi mtaroni baada ya mvua moja tu. Hilo nalo tumelifanya, tena si mara moja.

Sasa nije kwenye matangazo yenyewe. Kampuni ya umeme hutangaza mahali patakapokatwa umeme kwa ajili ya matengenezo, na huyataja majina ya maeneo. Ni jambo jema, na wengine wangeiga. Ila sisi tuna msiba wetu. Majengo iko Mombasa, iko Vihiga, na ukivuka mpaka utaikuta Moshi na Dodoma. Jirani yangu fundi cherehani aliwahi kusikia kwamba "Majengo" itakosa umeme Jumanne. Akafunga kibanda, akaenda kumtembelea dadake Kayole. Umeme wetu ulikuwepo mchana kutwa. Uliokatwa ulikuwa wa Majengo nyingine kabisa. Tulicheka, yeye akahesabu nguo za wateja. Tangazo linalofaa lazima litaje njia, nguzo, msikiti ulio jirani, duka ambalo kila mtu analijua. Mtaa wetu haujui ramani za ofisini, unajua "pale kwa muuza kahawa".

Maji ni vivyo hivyo. Nairobi imekuwa na mgao wa maji kwa miaka mingi, na ratiba yake huchapishwa. Ratiba ikiheshimiwa, mama anajua siku ya kujaza mitungi na siku ya kufua. Isipoheshimiwa, anaamka saa tisa usiku kusikiliza kama mfereji unapiga hewa. Usafi wa choo cha pamoja unaanzia hapo hapo, kwa sababu choo bila maji hakifagiliki, hata umlete bingwa wa ufagio.

Na yapo matangazo ambayo yakichelewa ni hatari ya roho. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 mnayakumbuka. Serikali iliamuru watu walio karibu na mito waondoke, na kipimo cha mita 30 kutoka ukingoni kikawa kwenye midomo ya watu kama nauli. Mathare na Mukuru nyumba zilibomolewa maji yakiwa bado hayajakauka sakafuni. Mto kupanda si kosa la karani yeyote. Lakini mita zile hazikuzaliwa usiku ule. Zilikuwepo kwenye makaratasi kwa miaka, na kama mtu angekuja wakati wa kiangazi na kamba ya kupimia, akapaka rangi kwenye kuta, familia nyingi zingejua zinaishi upande gani wa mstari.

Nisije nikaonekana natazama ng'ambo ya njia peke yake. Sisi wenyewe hatusomi hata tunachobandikiwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, vijana wetu waliajiriwa na mradi wa Kazi Mtaani, wakazibua mitaro, wakalipwa, na mtaa ukapendeza. Tulikaa vibarazani tukiwasifu, na baadhi yetu tukawatupia taka mgongoni kwa sababu "si wanalipwa". Mradi ulipokwisha, hapakuwa na hata ujia mmoja wetu uliokaa na kuulizana zamu inaanza na nani. Pia tuna tabia ya kupeana habari kwa upendeleo. Gari la taka likisikika Jumatano, anayejua anatoa gunia lake kimyakimya; wa chumba cha nyuma anaambiwa gari limeshapita.

Niseme jambo moja ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote niliyokuja nayo. Kwetu malalamiko ya mtaro huanza Aprili, maji yakiwa magotini. Lakini fedha za kaunti haziendi na mvua, zinaenda na kalenda yake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maana yake ni kwamba anayetaka mtaro aanze kuudai Julai na Agosti, jua likiwaka na vumbi likiruka, wakati hakuna anayeukumbuka. Ukienda kupiga kelele Aprili, unamkuta mwakilishi wadi anakuonea huruma ya kweli, na hesabu zimeshafungwa. Mikutano ya kutoa maoni inapoitishwa tunasikia baada ya wiki, tena kwa mtu aliyekunywa soda yake huko.

Ipo dawa ambayo wengi hatuitumii. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuuliza ofisi ya umma: mradi huu ni wa nani, umetengewa kiasi gani, unaanza lini. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anasema kwa mdomo na afisa analazimika kumwandikia. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Mzee mmoja hapa aliniuliza kama barua hiyo inahitaji wakili. Haihitaji hata bahasha nzuri.

Kuhusu njia ya kufikisha taarifa, tusisubiri chombo kipya. Kipaza sauti cha msikiti kinatutangazia maiti na mtoto aliyepotea, na hakuna anayesema hakusikia. Makanisa yana matangazo ya Jumapili. Mama wa mahamri anaona watu wengi kabla ya saa moja asubuhi kuliko ofisi yoyote ya wadi inavyoona kwa wiki. Makundi ya simu yanafaa pia, ingawa kwenye letu tangazo la maji huzama chini ya video za mpira na salamu za Ijumaa. Ndiyo maana wiki iliyopita tuliweka ubao mweusi kwenye ukuta wa duka, mahali ambapo kila anayekwenda kununua unga lazima apite. Mwenye duka ametupa ukuta bure, kwa sharti kwamba orodha ya wadeni wake isiandikwe juu yake.

Ubao una safu tatu. Ya kwanza ni kazi itakayofanyika, ya pili ni siku, na ya tatu ni jina na simu ya ofisi itakayojibu kazi isipofanyika. Upande wa wakaazi tumeshajaza. Jumamosi saa mbili asubuhi tunazibua mtaro kuanzia kwa muuza kahawa hadi kwenye choo cha pamoja. Wasimamizi ni chumba namba 3 na namba 9. Chini yake tumeandika "lori la kuzoa tope", na mbele yake siku na jina ni patupu. Bwana msimamizi wa wadi, nakuona hapo safu ya mbele, na nashukuru umekaa mpaka mwisho. Ubao uko hatua 40 kutoka hapa, na chaki ninayo mfukoni.