Madoa ya Meno Hayatoki kwa Kusugua

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za usharika, Kagunga, mkoani Kigoma)



Mlileta ombi la fedha za kununulia dawa za kung'arisha meno kwa ajili ya kikundi cha vijana. Baadhi ya wafadhili walipolisoma waliuliza kama huu ni mradi wa maendeleo au wa urembo. Swali lao ni la haki. Lakini namfahamu binti wa mwambao huu aliyeacha kuimba kwaya, kwa kuwa kila akifungua kinywa watu wanasema hapigi mswaki. Anapiga, asubuhi na jioni. Ninyi nanyi mnawafahamu vijana wanaojisugua kwa mkaa na limau, au kwa unga usio na maelezo unaouzwa gulioni, hadi meno yanatiwa ganzi. Kwa hiyo shida ipo. Nisichokubaliana nacho ni dawa mliyoichagua.

Lipo doa la nje, la chai au tumbaku. Hilo daktari wa meno hulisafisha kwa muda mfupi, na halihitaji hotuba. Doa linalowaumiza vijana wetu liko ndani ya enameli, yaani lile ganda gumu la jino, na liliingia humo kabla jino halijaota. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya fizi tangu utotoni hadi kama miaka 8. Mtoto akinywa floraidi nyingi miaka hiyo, ganda hukosa kukomaa vizuri. Jino linaota na michirizi myeupe kama chaki, na likizidiwa huwa la kahawia na lenye vishimo.

Mfano mkubwa nchini ni Arumeru, mkoani Arusha, karibu na Mlima Meru, ambako serikali ilianzisha kituo cha Ngurdoto cha kuondoa floraidi majini kwa kutumia mifupa iliyochomwa. Watu waliokulia maeneo hayo hutaniwa kwa rangi ya meno yao hata wakihamia mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4.

Hapa Kagunga hatujasahau Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni na kipindupindu kikaingia. Tulihimizana kuchemsha maji na kutia klorini, na tuendelee hivyo, maana huua vijidudu. Lakini floraidi haiuawi. Ukichemsha, maji yanapungua na floraidi inabaki ileile. Kwa hiyo kisima chochote kitakachochimbwa kwa fedha zenu, wafadhili, kipimwe floraidi kabla ya kukabidhiwa. Akina mama nao waangalie magadi ya kulainishia maharage. Magadi mengine yamepimwa nchini na kukutwa na floraidi nyingi.

Hata hivyo tusilaumu maji kwa kila doa. Mtoto aliyepewa tetrasaiklini anaweza kuota meno ya kijivu. Aliyeanguka akaumia jino la utoto anaweza kuota la ukubwani lenye doa. Na kuna lile jambo la "meno ya plastiki": mtoto anaharisha au ana homa, anapelekwa kwa mtu anayechimba fizi kwa chuma na kutoa kile kinachoonekana cheupe. Kile ni jino changa la mtoto. Anayepona kidonda, jino la ukubwani linaweza kuota limepinda au lina kasoro kwenye ganda, na wapo wasiopona. Hilo, ndugu zangu, linanisumbua kuliko doa lolote.

Sasa matibabu. Wengi wanaogopa mashine ya kutoboa, lakini doa jepesi halihitaji kutobolewa. Daktari anaweza kutumia dawa ya peroksaidi inayowekwa kwenye kifuniko cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno ya mgonjwa, kwa wiki kadhaa. Haifuti doa jeupe. Inang'arisha sehemu iliyobaki ili doa lisionekane sana, na mwanzoni doa huweza kuonekana zaidi. Doa la kahawia la juu juu husagwa taratibu kwa asidi kidogo iliyochanganywa na unga wa kusugulia, na kinachoondoka ni sehemu ndogo ya milimita. Njia ya tatu, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 2009, ni kupenyeza rezini nyepesi kama maji ndani ya doa na kuigandisha kwa taa. Nafasi zilizofanya jino lionekane kama chaki zinajazwa. Jino lenye vishimo virefu litahitaji kuzibwa au kufunikwa, na tusimwahidi kijana kitu kingine.

Mtasema, kumbe asidi inatumika, basi limau lina kosa gani? Daktari anafunika fizi, anahesabu dakika na anajua pa kuacha. Limau la kila siku halina pa kuacha, na ganda likiisha halioti tena. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2012, dawa kali za kung'arisha hazipewi wenye umri chini ya miaka 18, na kwa watu wazima lazima zianzie kwa daktari wa meno.

Naomba basi kamati ibadilishe ombi. Futeni kipengele cha dawa, mwandike nauli ya boti na gharama za uchunguzi wa meno katika Hospitali ya Mkoa, Maweni. Daktari ndiye atakayesema nani atibiwe hapo, nani apewe rufaa na nani ana jino linaloanza kuoza, maana kuoza nako huanza na doa jeupe karibu na fizi. Orodha itenganishe watoto chini ya miaka 8 na vijana, na ionyeshe kila mmoja alikulia wapi na alikunywa maji gani. Fomu anazo katibu wa usharika.