Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Somo letu la leo limo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18, tangu mstari wa 24 hata wa 28.

Leo tunataka kuwafikiria wauguzi wapya, wale watokao chuoni na kuingia wodini kuanza kazi. Kijana huyu amesoma miaka kadha, na mtihani wa Baraza la Wauguzi ameushinda. Hata hivyo, asubuhi ile ya kwanza hajui ufunguo wa kabati la dawa hukaa kwa nani, wala mtungi wa oksijeni uko wapi, wala ni daktari gani wa kuitwa usiku. Mambo hayo hayamo vitabuni. Yamo vichwani mwa wale aliowakuta.

Amefundishwa kwamba kabla ya kutoa dawa ahakikishe mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ya kuitoa ndiyo, na saa ndiyo. Tuseme basi maandishi ya daktari hayasomeki. Je, ni miligramu 5 au 50? Anamwuliza mkubwa wake, naye anamjibu kwa sauti mbele ya wagonjwa, "Kwani huko chuoni mlifundishwa nini?" Siku hiyo ataona haya tu. Lakini siku nyingine akitatizwa hatauliza, atakisia. Na atakayeumia ni mama aliyelala kitandani, ambaye hana habari ya ugomvi wowote.

Sasa mtazameni Apolo. Alikuwa msomi wa Iskanderia, hodari wa Maandiko, naye alifundisha kwa bidii huko Efeso. Lakini ubatizo alioujua ni ule wa Yohana tu. Elimu yake ilikuwa ya kweli, ila ilipungukiwa. Prisila na Akila walipomsikia katika sinagogi, hawakumwaibisha mbele ya watu. Wala hawakunyamaza na kusema, "Shauri yake." Walimchukua wakamkaribisha kwao, wakamweleza yaliyobaki. Mafundi wa mahema walimfundisha msomi, na msomi akakubali kufundishwa! Baadaye alipokwenda Akaya, akawa msaada mkubwa kwa waumini wa huko.

Kazi ya uuguzi nayo hupokewa mkono kwa mkono. Florence Nightingale alipofungua shule yake mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas' huko London, wanafunzi hawakukaa darasani tu; walijifunza ndani ya wodi, chini ya masista.

Basi ninyi mlio wenyeji wodini, mtembezeni mgeni wenu kabla ya kumkabidhi wagonjwa. Wakati wa kupokezana zamu, piteni naye kitanda kwa kitanda. Mwonyesheni mahali pa kunawa mikono, na mnawe ninyi wenyewe kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kwa maana atafuata anayoyaona kuliko anayoambiwa. Akikaribia kukosea dawa, mzuieni mara moja, kwa utulivu; kisha mwelezeni kando.

Nawe mwuguzi mpya, usione aibu kufundishwa na mwenye cheti kidogo kuliko chako. Miaka yake kando ya vitanda ni shule pia.

Na sisi tulio wagonjwa, au tuliokuja kumtazama mgonjwa wetu, tukimwona mwuguzi kijana ameshika dawa na kurudi kuuliza, tusinong'one kwamba hajui kazi. Tumshukuru Mungu. Huyo ndiye anayelinda uhai wetu.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hospitalini maneno haya ni kweli kabisa: mgeni akipokewa vema, wagonjwa watatunzwa vema.

Tuombe. Ee Bwana, Mganga wetu mkuu, uwape wenyeji uvumilivu, uwape wageni unyenyekevu, na wote walio vitandani leo uwaweke katika mikono iliyofundishwa kwa upendo. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.