MLEZI AKIUGUA, NANI ATAMLEA MGONJWA?

(Mazungumzo mbele ya wanakisomo wa Kilolo, Mkoa wa Iringa)



Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya watu ambao hawaonekani mkutanoni. Hawaji kwa sababu wamelala ndani. Ni wazee ambao miguu imechoka. Ni ndugu zetu wenye ulemavu. Ni wagonjwa wa siku nyingi. Na pamoja nao yupo mtu mwingine ambaye naye haji, maana hana wa kumwachia mgonjwa. Huyo ni mlezi.

Sisi tunaosema nanyi ni walezi wa majumbani. Tumeosha watu, tumewalisha, tumewageuza kitandani usiku. Kwa hiyo hatusemi mambo ya kusikia tu.

MLEZI NI NANI?

Hapa kwetu mlezi si lazima awe mtu mwenye cheti. Ni mama, ni binti, ni mke. Mara nyingi ni bibi. Mkoa wetu umeumizwa sana na UKIMWI. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa Iringa, katika kila watu wazima 100, kama 11 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kwa Tanzania nzima ni kama 4 katika kila 100. Siku hizi dawa zinawasaidia wengi kuishi na kulima. Lakini zamani, kabla dawa hazijaenea, vijana wengi walikufa wakaacha watoto kwa bibi zao. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mzee ambaye angepaswa kutunzwa, yeye ndiye anayetunza.

KORONA ILITUFUNDISHA NINI?

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Tanzania. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba shule zifungwe. Ugonjwa huo tuliuita pia UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari tarehe 30 Januari 2020, na likaiondoa tarehe 5 Mei 2023. Katika dunia nzima watu zaidi ya milioni 7 waliripotiwa kufa. Wengi wao walikuwa wazee, au watu waliokuwa na maradhi mengine tayari, kama vile kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo.

Sasa sikilizeni jambo hili. Huko Marekani, katika mji wa Kirkland karibu na Seattle, ilikuwapo nyumba ya kutunzia wazee na wagonjwa. Mwezi Februari 2020 korona ilionekana humo. Watu zaidi ya 30 wakafa. Wataalamu walipochunguza waliona nini? Waliona kwamba wafanyakazi wengine walikuja kazini huku wanaumwa. Wengine walifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, na ugonjwa ukasafiri nao. Vifaa vya kujikinga navyo havikutosha. Nyumba za wazee za Uingereza, Hispania na Italia nazo zilipata misiba mikubwa.

Mnaona? Nchi hizo ni tajiri, lakini ugonjwa uliingia kwa mlango ule ule anaoingilia mlezi. Hatusemi hivyo ili kumlaumu. Mlezi huja kazini anaumwa kwa sababu hana wa kumpokea kazi.

Je, jambo hili latuhusu sisi wa Kilolo? Ndiyo. Nchini kwetu zipo nyumba chache za Serikali za wazee wasiojiweza, kama ile ya Nunge, Dar es Salaam, na ile ya Fungafunga, Morogoro. Lakini wazee wetu karibu wote wako nyumbani. Basi kila nyumba yenye mtu asiyeweza kuinuka ni nyumba ya wazee. Na mfanyakazi wake ni mmoja tu, mchana na usiku.

Tuchukue mfano. Mama anamtunza mumewe aliyepooza. Mama anashikwa na homa na kikohozi. Afanye nini? Akiendelea kumwinua na kumlisha, aweza kumwambukiza. Akikaa mbali naye, mume atalala na kiu na katika uchafu. Njia zote mbili ni mbaya. Hapana budi kutafuta njia ya tatu, tena kabla ugonjwa haujafika.

JAMBO LA KWANZA: AWEPO MLEZI WA PILI

Kaeni kikao cha ukoo sasa, wakati watu wote ni wazima. Mchagueni mtu mmoja awe mlezi wa pili. Aweza kuwa ndugu au jirani. Aweza kuwa mwanamume pia, maana kulea si kazi ya wanawake peke yao. Lakini mtoto wa shule msimtwike mzigo huo.

Mlezi wa pili asingoje siku ya hatari. Aje walau mara moja kwa wiki ajifunze. Ajifunze kumgeuza mgonjwa, maana mtu asiyejigeuza hupata vidonda vya kulalia. Hugeuzwa kama kila baada ya saa mbili. Ajifunze kumnywesha akiwa ameketishwa, ili asipaliwe. Na mgonjwa naye amzoee. Mtu mwenye ulemavu wa akili aweza kuogopa na kukataa chakula akilishwa na mgeni.

Faida nyingine ipo. Siku mlezi wa pili anapokuja, mlezi wa kwanza hupata nafasi ya kwenda shambani, au kwenye gulio, au kulala tu. Mlezi aliyechoka sana huugua upesi.

JAMBO LA PILI: KARATASI YA MALEZI

Ndugu, ninyi mmejifunza kusoma na kuandika. Basi hapa kisomo chaweza kuokoa mtu. Mambo yote ya mgonjwa yamo kichwani mwa mlezi mmoja. Akipelekwa hospitali ghafula, anaondoka nayo. Mlezi wa pili ataanzia wapi?

Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Andika hivi:

1. Jina lake na umri wake.
2. Ugonjwa wake au ulemavu wake.
3. Dawa zake: jina la dawa, vidonge vingapi, saa ngapi.
4. Chakula anachoweza kumeza, na kile kinachompalia.
5. Namna ya kumwinua, na mahali panapomuuma.
6. Anavyosema. Akitaka maji hufanya nini? Akiumwa hufanya nini?
7. Jina la mlezi wa pili na namba yake ya simu.
8. Zahanati yake na kadi yake ilipo.

Namba 6 msiidharau. Kuna mtu asiyesema kwa mdomo, lakini mama yake anajua kwamba akigonga ubao mara mbili ana kiu. Jambo hilo lisipoandikwa, mtu atashinda na kiu wakati maji yapo.

Ikiwa katika dawa zimo za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, karatasi msiibandike ukutani. Iwekwe pamoja na kadi ya kliniki, na mlezi wa pili aonyeshwe. Siri ya mgonjwa ni mali yake. Wala dawa hizo zisikatishwe kwa sababu ya mlipuko. Mwulizeni mganga wa zahanati kama mgonjwa aweza kupewa za miezi kadhaa.

JAMBO LA TATU: MLEZI AJIKINGE ILI AMKINGE MGONJWA

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kulisha, na kila baada ya kusafisha choo au matapishi. Kibuyu chirizi chafaa sana. Lakini tazameni kimefungwa wapi. Kile cha kukanyaga kwa mguu humsaidiaje mtu asiye na nguvu za miguu? Kifungeni chini kidogo, na kamba iweze kuvutwa kwa kiwiko.

Mtu asiyeona hujua mambo kwa kugusa. Msimkataze kugusa, bali mpelekeni maji na sabuni mara kwa mara. Mpini wa fimbo nyeupe, magongo, na magurudumu ya kiti anayoyashika kwa mikono, vyote visafishwe. Mtu asiyesikia hutazama midomo ya anayesema. Ukivaa barakoa humfungia mlango. Basi simama mbali kidogo, mwonyeshe kwa ishara, au mwandikie.

Kwetu Kilolo ni baridi na ukungu. Tunafunga madirisha, tunakoka moto, tunakaa wengi chumba kimoja. Lakini ugonjwa wa kikohozi hupenda chumba kilichofungwa, na moshi huumiza mapafu. Mfunike mgonjwa blanketi vizuri, kisha fungua dirisha jua likitoka. Kama kuna mlipuko, wageni wawe wachache na wasalimie kutoka mlangoni. Na kikombe kimoja cha ulanzi kisizunguke kwa watu wote. Kila mtu na chake.

Wakati wa korona watu wengi walijifukiza. Tuseme wazi: mvuke hauui virusi vilivyomo mwilini. Na mtu aliyepooza, au mzee anayetetemeka, akiwekewa sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi aweza kuungua vibaya. Msifanye hivyo.

Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa hapa nchini tarehe 28 Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa siku hiyo hadharani. Ukifika mlipuko mwingine, ulizeni zahanati kama ipo chanjo. Ikiwapo, msimsahau mlezi, na msimwache yule asiyeweza kutembea hadi kituoni.

DALILI ZA HATARI

Mzee aweza kuugua sana bila homa kali. Tazameni haya: anahema kwa shida, midomo inageuka rangi, amechanganyikiwa ghafula, hataki kula wala kunywa, au ni vigumu kumwamsha. Mkiona hivyo msingoje kesho. Mpelekeni kituo cha afya. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao mpya wa taifa ulizinduliwa Januari 2024.

Lakini magonjwa yote si sawa. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Mkoa wa Kagera, na watu 6 walikufa. Ugonjwa huo huambukiza kwa kugusa damu, matapishi au jasho la mgonjwa. Serikali ikitangaza ugonjwa wa namna hiyo, msimguse mgonjwa kwa mikono mitupu. Piga simu, ngoja wataalamu.

KAZI YA KIJIJI

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yasema watu hao wana haki ya kutunzwa na kutibiwa. Lakini kijiji kitamsaidiaje mtu ambaye hakijui yuko wapi? Serikali ya kijiji iandike orodha ya nyumba zote zenye mtu asiyejiweza, pamoja na mlezi wake wa kwanza na wa pili. Mlipuko ukija, nyumba hizo zifikiwe mwanzo kwa sabuni, maji, chakula na dawa.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kwenye maneno. Na sisi tufanye hivyo. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mwanakisomo aandike karatasi moja ya malezi. Asiye na mgonjwa nyumbani amwandikie jirani asiyejua kuandika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, ni nyumba zipi zenye mtu asiyeweza kuinuka?
2. Mlezi wa kila nyumba akiugua leo usiku, nani atakwenda?
3. Je, kibuyu chirizi chetu chaweza kutumiwa na mtu mwenye ulemavu?
4. Nani atapeleka orodha kwa mtendaji wa kijiji, na siku gani?