Tuwaulize Kwanza Watakaobonyeza

(Maneno ya mwanachama mbele ya mkutano mkuu, Kalemie)



Mulinituma pamoja na vijana wenzangu tutengeneze programu ya telefoni ya kuandika michango yetu, ili daftari la mweka hazina lisibaki peke yake. Leo ninaleta habari ya kazi hiyo, na kwanza ninakiri kosa.

Tulijifungia na kompyuta wiki tatu. Tukatoka na kitu kizuri kwa macho: kila mwanachama anajulikana kwa namba yake ya telefoni, na akilipa anapata mesaji ya Kifaransa. Tukaenda kuijaribu na bamama wanaouza ndakala pembeni ya ziwa. Wa kwanza akatuangalia, akasema: "Mie sina telefoni. Niko natumia ya jirani." Wa pili alikuwa na kitochi, lakini mesaji ilibidi mtoto amsomee. Wa tatu alikuwa amebadilisha namba mara mbili mwaka huu.

Munaona hatari? Mchango wa yule mama wa kwanza ungeandikwa kwa jina la jirani. Siku ya msiba angekuja kuomba msaada wa chama, na sisi tungetazama telefoni na kumwambia: "Mama, haumo." Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tunajua uchungu wa neno hilo. Karatasi ikikosa jina lako, hata watu wote wakikujua, siku ya kugawa unga unabaki pembeni. Hatukurudi nyumbani ili tutendeane vile sisi kwa sisi.

Hata wakubwa walijifunza hivi. Mwaka 2005 kule Kenya, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu M-Pesa na karibu wateja 500 wa Faulu, shirika la mikopo midogo. Shabaha ilikuwa watu walipe mikopo kwa telefoni. Lakini walipowatazama wateja, waliona wengine wanatumiana pesa na jamaa, wengine wanaacha pesa kwa wakala usiku ili zisiibiwe. Hawakuwaambia kwamba wanakosea. Waliigeuza kazi, na Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa wote, ilitangazwa kuwa ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2012 ikafika kwetu Kongo.

Basi nasi tukaanza upya. Kwanza, tunakaa na mtu pale anapofanyia kazi, tunatazama na kuuliza, hatufundishi. Pili, tunaandika tatizo kwa maneno yake mwenyewe. Tatu, tunachora kurasa za telefoni kwenye karatasi, yeye anagusa kwa kidole, sisi tunanyamaza. Akipotea, kosa ni letu. Nne, tunarekebisha na kurudi kwake. Karatasi ikikosewa unaitupa na kuchora nyingine. Programu iliyokwisha kuandikwa inauma kuitupa. Na komite inatembea nasi tangu siku ya kwanza, isingoje mwisho kuja kupiga makofi.

Mambo matatu yamebadilika tayari. Mwanachama anajulikana kwa namba ya kadi ya chama, hata akibadilisha telefoni mara kumi. Mesaji ni fupi na ni ya Kiswahili. Asiye na telefoni anasomewa mchango wake mbele ya shahidi. Na daftari halitupwi: kila mkutano tutalilinganisha na programu, na vikipingana, tunaulizana palepale.

Bado hatujakaa na wazee wasioona vizuri, wala na wenzetu wa ng'ambo ya Lukuga. Kwa hiyo ninaomba komite itupe wiki nne zaidi, na pesa ya chama isihamie kwenye programu kabla ya hapo. Kwa marafiki wafadhili: tunashukuru, lakini musitutumie programu iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Saidieni nauli na siku za kukaa na watu; kazi kubwa iko hapo.

Na ninyi bamama wa ndakala, mulitukosoa bila haya, na mumekiokoa chama na aibu. Muendelee vilevile. Kuuliza si ujinga.