Mgomba Mwitu: Namna ya Kuupanda na Kuutunza



Mgomba mwitu ni mmea wetu. Huota wenyewe kandokando ya vijito katika misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, na jani lake laweza kufikia urefu wa mita 5, uti wake mwekundu ukionekana kwa mbali. Mwaka 1947 Ernest Cheesman aliuondoa katika jenasi ya migomba tunayoila, Musa, akauweka katika jenasi yake, Ensete. Mwenye bustani asiyejua tofauti hiyo huupanda, kisha husubiri machipukizi yasiyokuja. Mgomba mwitu hautoi watoto shinani. Huishi miaka kadhaa, huchanua mara moja, huzaa vindizi vilivyojaa mbegu, kisha hufa. Asiyejua kuuzalisha ataufurahia mara moja tu.

Wengi huanza na mbegu. Ni nyeusi, kubwa kuliko punje za mahindi, ngumu kama kokoto. Ziloweke siku moja au mbili, zifukie kwenye udongo wenye joto usiotuamisha maji, halafu vuta subira: moja itaota baada ya wiki chache, nyingine baada ya miezi. Usiwe na haraka ya kuzitupa.

Njia ninayoistahi zaidi ni ya wakulima wa kusini mwa Ethiopia, akina Gurage na Sidama, ambako mmea huu hulisha mamilioni ya watu. Hukata shina la mmea ambao bado haujachanua, juu kidogo ya ardhi. Kisha huchokoa katikati ya tunguu mpaka kiini chote cha ukuaji kitoke, hujaza udongo na samadi katika tundu hilo, na kulifukia tunguu. Kiini kikishatoka, macho yaliyolala pembeni huamka, na tunguu moja huweza kutoa machipukizi zaidi ya 50. Hiyo ni sayansi kamili, iliyokuzwa mashambani, na inastahili kufundishwa katika vyuo vyetu vya kilimo.

Mche ukishashika, upe samadi nyingi, maji wakati wa kiangazi na kinga ya upepo. Jani lililochanika bado linaulisha mmea. Liache mpaka likauke.

Hofu yangu kubwa ni panga. Mnyauko wa bakteria ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1968, kwenye mmea huuhuu, huko Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana kwenye migomba ya Uganda, na baadaye ukaingia Kagera. Wadudu wanaotembelea maua huueneza, na makali ya panga pia, kutoka shina moja hadi jingine.

Kwa hiyo nawaomba, wenye vitalu na wenye mashamba: pitisheni panga kwenye moto kila mnapohama shina, na msihamishe mche kutoka shamba lenye ugonjwa, hata kama majani yake yanapendeza.