Kuogopa na Kuogopea



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kwa jambo dogo la sarufi ya Kiingereza, yaani vihusishi. Msinicheke, mimi lilinigharimu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, shahada ya chuo kikuu mkononi, nilipopigiwa simu kwamba mama yangu amelazwa hospitali. Papo hapo nikaandika barua ya kuomba ruhusa ya dharura, kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa: "I am afraid of my mother, who is in hospital." Mkubwa wangu akanirudishia barua, ameandika pembeni kwa wino mwekundu: Mama yako amekutishia nini? Kisha akaenda zake mkutanoni. Nilikaa nikiitazama ile "of" mpaka nikatambua kwamba ilipaswa kuwa "for". Ruhusa niliipata saa kumi na moja jioni, basi limekwisha ondoka. Nilifika kesho yake. Mama alikuwa hai, lakini hakuweza tena kusema.

Ajabu ni kwamba tofauti hiyo tunayo tangu utotoni. Namwogopa mama, namwogopea mama. Hakuna mtoto aliyekulia Kiswahili anayezichanganya hizo mbili. Sisi kihusishi tumekitia ndani ya kitenzi chenyewe. Mwingereza amekiacha nje, peke yake, nasi tukifika hapo tunaokota chochote kilicho karibu.

Mara nyingi tunaokota "with", kwa sababu Kiswahili husema nina wasiwasi na mtihani. Wanafunzi, andikeni "anxious about the examination", na vivyo hivyo "worried about", "nervous about". Ukiandika "anxious for the examination to begin", umesema una hamu uanze, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa kidato cha nne sijapata kulisikia. "Anxious for news" ni kungoja habari kwa hamu. Lakini "anxious for her safety" ni kuhofia usalama wake. Hapo hata mimi husoma sentensi mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Siku hizi barua zangu nyingi za ofisini ni za Kiswahili. Ile ya kwanza bado ninayo, na wino wake mwekundu. Nimekuja nayo, iko pale mezani kwa Mwalimu Mkuu, anayetaka aitazame.